Ajali ya Pili Ina Kinga

Wauguzi wa magari ya wagonjwa, askari wa Zimamoto, vijana wa Msalaba Mwekundu na mafundi wa bredauni huniuliza swali lilelile: "Tukifika kwenye ajali barabara kuu, tuanze na nini?" Wengi huwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo: majeruhi. Jibu langu huwaudhi. Anza na barabara.

Januari 2025, Segera mkoani Tanga, watu walikuwa wamekusanyika kwenye ajali iliyokwisha kutokea. Lori likawaparamia, na 11 wakapoteza maisha. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa ile ya kwanza sibishani na mtu. Lakini ile ya pili, inayowakuta waokoaji wameinama juu ya machela, kinga inayo, na sehemu kubwa ya kinga hiyo hupangwa au hupotezwa katika dakika mbili tatu za mwanzo.

Jambo moja tuliweke wazi kabla ya kuendelea. Video na vitabu vingi vya mafunzo vinavyotufikia vimetengenezwa kwa barabara pana za njia nne, ambako magari yote ya upande wako huja kutoka nyuma yako. Ukitoka Chalinze kwenda Segera, au Morogoro kwenda Iringa, ni njia moja kwenda na moja kurudi, na anayelipita gari jingine anakuja kwenye upande wako. Kwa hiyo kila ninachokishauri hapa kifanyike kwa pande mbili. Ukilinda upande mmoja, hujalinda kitu.

## Hesabu ndogo ya kukariri

Gari linakwenda umbali gani kwa sekunde moja?

- Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa: mita 14.
- Kwa kilomita 80: mita 22.
- Kwa kilomita 100: mita 28.

Usiku, dereva aliyechoka anaweza kuhitaji sekunde mbili ili aelewe anachokiona na mguu ufike kwenye breki. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita 44 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza. Ongeza sasa umbali wa breki zenyewe kwa lori lenye mzigo: jumla hupita mita 100 kwa urahisi, na kwenye mteremko au lami iliyolowa huzidi hapo.

Ndiyo maana pembetatu iliyowekwa mita 30 nyuma ya gari haimsaidii mtu. Kazi yake inakuwa kumjulisha dereva kitu anachokaribia kukigonga. Na kilomita 80 ndiyo mwisho wa sheria kwa mabasi na malori hapa Tanzania. Nani anaufuata pale trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hayupo, hilo mnalijua.

## Kabla gari halijatoka kituoni

Gari la huduma ya dharura lisitoke bila vitu hivi:

- Vizibao vya reflekta, kimoja kwa kila mtu aliyemo, dereva akiwamo, na viwili vya akiba kwa raia atakayewasaidia.
- Koni zisizopungua sita. Ile ambayo mkanda wake umegeuka kijivu kwa vumbi na jua usiihesabu.
- Pembetatu za kuakisi, angalau mbili kwa kila upande wa barabara.
- Tochi mbili au zaidi zilizochajiwa, na filimbi kwa kila mtu.
- Vigingi vya kuzuia matairi.
- Kipaza sauti cha mkononi.
- Fagio, sepetu na kiroba cha mchanga.

Kizibao huvaliwa ndani ya gari, kabla mlango haujafunguliwa. Mvua ikinyesha, koti liwe ndani na kizibao kiwe juu. Nimeona mara nyingi kinyume chake. Wala msitegemee rangi ya sare. Nyeupe ya trafiki huonekana vizuri mchana, lakini usiku haitoshi bila mikanda inayoakisi. Kaki na bluu nzito humezwa na giza kabisa.

Anayepokea simu, iwe 112 ya polisi au 114 ya Zimamoto, aulize mambo matatu ambayo wengi husahau:

1. Gari lilikuwa likielekea wapi? "Karibu na Mkata" haitoshi. "Upande wa kwenda Segera" inatosha.
2. Imezibwa njia moja au zote mbili?
3. Kuna lori la mafuta au gesi?

Majibu hayo yanakuambia utaegesha wapi ungali njiani.

## Kuegesha

Kosa la kuegesha ni gumu kulirekebisha, maana ukishashusha vifaa huwezi tena kuhamisha gari. Fuata mpangilio huu:

1. Punguza mapema. Washa hazadi na ushushe mwendo mita 300 kabla, ili magari yaliyo nyuma yako yapunguze pamoja nawe. Ukifunga breki ghafla penye ajali, unaweza kuwa wewe ndiye wa kwanza kugongwa.
2. Gari zito liwe ngao. Gari la Zimamoto lenye tangi la maji ndilo linalofaa. Lisimame kati ya magari yanayokuja na mahali pa kazi, mita 20 hadi 30 kutoka watu walipo, limeinama kidogo, na matairi ya mbele yamekatwa kuelekea nje ya barabara. Likisukumwa, liende porini lisiende kwa watu. Vuta breki ya mkono, weka vigingi, kisha wote washuke. Mtu asibaki ndani, na asisimame kati ya ngao na ajali.
3. Tafuta ngao ya pili. Upande wa pili wa barabara mwombe dereva wa lori la kwanza lililosimama abaki palepale kwenye njia yake na taa za hazadi, na yeye na utingo wake washuke wakae pembeni. Usitumie basi lenye abiria wala lori la mafuta.
4. Gari la wagonjwa lipite ajali. Lisimame mbele ya tukio, mlango wa nyuma ukitazama majeruhi, nje ya lami ikiwa ardhi ni ngumu. Hapo machela hubebwa chini ya ulinzi wa ngao, bila kukatiza njia ya magari.
5. Msiegeshe pande zote mbili. Gari la polisi kulia, la wagonjwa kushoto, bredauni kulia, bajaji kushoto: mmetengeneza kichochoro ambamo magari yanapita katikati na waokoaji wanavuka kila dakika. Magari yote ya huduma yakae upande mmoja.
6. Zimeni taa kubwa. Usiku, taa kuu za gari lililosimama zinamchoma macho dereva anayekuja, naye haoni watu walio kando yake. Acha zinazomweka. Hata hizo zikizidi, dereva haoni kitu, kwa hiyo magari yaliyo katikati ya kundi yazime zao.

Msije mkadhani king'ora na taa zinatosha kumsimamisha dereva. Kwa mbali, gari lenye taa zinazomweka huonekana kama linatembea. Dereva anaanza kulifuata akiamini liko safarini, na anapogundua kwamba limesimama, umbali umekwisha.

## Kushuka

Tunaendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Ukiegesha kando upande wako, mlango wa dereva unafunguka kwenye magari yanayopita.

- Abiria wote washuke upande wa kushoto.
- Dereva atazame kioo cha pembeni, kisha ageuze kichwa atazame kwa macho yake. Kama njia si salama, ahamie kiti cha pili atokee kushoto.
- Ukishashuka, tembea ukiligusa gari, uso ukielekea yanakotoka magari.
- Usipite nyuma ya gari ukaibukia barabarani bila kusimama kwanza kwenye pembe na kuchungulia.

## Kuweka alama

Sasa ndipo barabara inapofungwa kwa macho ya dereva. Alama ya kwanza dereva anayoikuta iwe mita 150 hadi 200 kutoka kwenye ngao. Huna futi, una miguu: hatua 200 za mtu mzima ni kama mita 150.

1. Tembea ukingoni, nje ya lami, ukielekea yanakotoka magari, koni mkononi, tochi ikimulika chini mbele yako.
2. Weka koni za karibu na ngao kwanza, kisha endelea nyuma ukizisogeza kidogokidogo kuelekea ukingo, ili mstari umwongoze dereva kutoka kwenye njia iliyozibwa.
3. Pembetatu iwe ya mwisho, mbali kuliko zote.
4. Ikiwa kuna kona au kilele cha mlima ndani ya umbali huo, alama iwekwe kabla ya kona, hata kama ni mita 300. Dereva aonywe kabla ya kupoteza uwezo wa kuona.
5. Mtu wa pili afanye vivyo hivyo upande mwingine, kwa wakati huohuo.

Huna koni? Matawi yenye majani mabichi yanajulikana na kila dereva wa barabara zetu, na yanafaa mchana. Usiku ongeza tochi, au madumu ya njano yaliyofungwa stika za reflekta kama zile zinazobandikwa kwenye malori. Lakini usitumie mawe wala magogo. Asiyeyaona usiku huyapanda, na yakisahaulika yanaua mwenye pikipiki saa sita baadaye, ninyi mmekwisha lala.

## Mlinzi wa barabara

Huyu ni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuyatazama magari, basi. Habebi machela, hapigi picha, hajibu simu, hazungumzi na ndugu wa majeruhi. Asimame ukingoni, mahali anapoona mbali na anapoonwa na wenzake.

Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni mambo matatu kwa sauti:

- Ishara ya kukimbia. Filimbi ndefu tatu, kwa mfano. Ikilia, mtu aache kila kitu.
- Mahali pa kukimbilia. Ng'ambo ya mtaro, upande uleule mnaofanyia kazi, ili pasiwe na mtu wa kuvuka barabara kwa hofu.
- Atakayempokea. Macho huchoka. Baada ya kama dakika 20 mbadilisheni.

Mkiwa darajani, onyo la pekee: usiku usiruke ukingo wa daraja ukidhani ng'ambo kuna nyasi. Pamulikeni kwanza, mkubaliane kukimbilia mwisho wa daraja.

## Kupitisha magari kwa zamu

Njia moja ikiwa wazi, magari yataanza kujipitisha yenyewe, na mawili yatakutana katikati. Wekeni waongozaji wawili, mmoja kila mwisho.

- Mwongozaji asimame ukingoni, si katikati ya njia. Aingie barabarani baada tu ya gari la kwanza kusimama kabisa.
- Kama hawaonani, watumie redio au simu.
- Kama mtandao hakuna, tumieni njia ya zamani ya mafundi wa barabara: gari la mwisho la kila zamu linapewa kitambaa au kijiti cha kumkabidhi mwongozaji wa upande wa pili. Kijiti hakijafika, hakuna anayeruhusiwa.
- Machela inapobebwa au mgonjwa anapopakiwa, simamisheni pande zote mbili. Ni dakika mbili tu.

Halafu kuna mkia wa foleni, ambao karibu kila kikosi huusahau. Foleni ikifika mita 400, alama yenu ya mita 200 imekwisha kumezwa, na gari la mwisho limesimama gizani bila ulinzi. Anayekuja kwa kasi atalivaa hilo. Mwongozaji mmoja arudi nyuma kadiri foleni inavyokua, au amwombe dereva wa lori la mwisho awashe hazadi na utingo arudi nyuma na tochi, akipita ukingoni.

## Mahali panapotaka hadhari zaidi

Miteremko mikali. Kitonga, Sekenke, au kwa wenzetu wa Kenya mteremko wa Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret: huko adui ni lori lililokatika breki, na hakuna ngao ya kulizuia. Mlinzi apande juu kabisa mteremko unapoanzia, akiwa na redio au simu, asimamishe malori hukohuko juu. Kimbilio liwe upande wa ukuta wa mlima, mbali na korongo.

Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi, na wanyama hawasomi koni. Usiku usimtume mtu peke yake hatua 200 gizani kwenda kuweka pembetatu. Tuma gari, na anayeiweka asiende mbali na mlango.

Ukungu na mvua kubwa. Zidisha umbali mara mbili, na punguza idadi ya watu walio kwenye lami mpaka ibaki ya lazima.

Jua la jioni. Dereva anayeelekea magharibi haoni koni wala mtu. Upande huo uwe na gari kubwa lililosimama mbali, kwa sababu kivuli chake ataweza kukiona.

## Lori la mafuta

Hapa mpangilio hubadilika. Morogoro, eneo la Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, ilikuwa hivyohivyo, na huko pia vifo vilizidi 100. Nawakumbusha kwa sababu bado kuna waokoaji wanaoegesha mita kumi kutoka kwenye tangi linalovuja.

- Simama mbali kwanza, usome kibao cha rangi ya chungwa kama kipo. Namba ya chini 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa, 1075 ni gesi ya kupikia.
- Egesha upande upepo unakotoka, na juu ya mteremko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujaa mabondeni. Ule mtaro niliousema kuwa kimbilio, hapa unageuka mtego.
- Mwongozo wa dharura wa kemikali unaotumika Marekani na Kanada unataka watu wakae angalau mita 50 kutoka kwenye petroli iliyomwagika, pande zote. Tangi likishika moto, mita 800. La gesi likiwaka, mita 1,600.
- Barabara ifungwe pande zote mbili. Hapa hakuna kupitisha kwa zamu: bodaboda moja yenye injini ya moto inatosha kuwasha kila kitu.
- Simu, sigara, na kuwasha au kuzima injini ndani ya eneo hilo ni marufuku, kwa raia na kwenu.
- Umati ukiwashinda nguvu, ondokeni, mkipaza sauti wawafuate. Muuguzi anayebaki katikati ya watu wenye madumu hamwokoi mtu, anaongeza hesabu.

## Umati

Kwetu ajali haikosi watu. Kuwafokea hakuwaondoi. Wapeni kazi, na wasio na kazi muwape mahali.

1. Tafuta mwenye kauli: mwenyekiti wa kitongoji, mzee, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Mwamkie, mwambie unachotaka, umwachie aseme yeye.
2. Chagua kwa kidole: "Wewe kaka mwenye fulana nyekundu, na wewe, njooni." Ukisema "jamani tusaidieni," watakuja hamsini au hatakuja mtu.
3. Wawili wenye vizibao vya akiba wapelekwe kuonya magari, mmoja kila upande. Waelekeze kusimama nje ya lami na wawe na mahali pa kurukia. Usimpe kazi hii mtoto wala aliyelewa.
4. Wengine wote wavuke mtaro, wakae upande mmoja. Pikipiki ziondolewe ukingoni.

## Najua mtakachosema

"Mtu anavuja damu, halafu mimi nipange koni?" Mko wawili? Muuguzi aende kwa majeruhi, dereva aende barabarani. Hamgawani majeruhi, mnagawana kazi. Raia wa kuaminika akipatikana, dereva anarudi kusaidia. Ukiwa peke yako kabisa, tumia nusu dakika kuchagua watu wawili na kuwatuma kila upande, ndipo uiname. Ukigongwa wewe, yule anayevuja damu atakuwa hana mtu, na idadi ya majeruhi itakuwa imeongezeka kwa mmoja.

"Tukifunga barabara, wakubwa watalalamika." Watalalamika, ndiyo. Mkuu wa kikosi amuulize trafiki, na trafiki amuulize mkuu wa kikosi, swali moja: dakika ngapi? "Nipe dakika kumi na tano nimtoe aliyebanwa, kisha nakuachia njia ya kulia" ni lugha ambayo pande zote mbili zinaweza kuifanyia kazi. Ugomvi huanza pale kila mmoja anapoamua peke yake. Njia isifunguliwe kabla mtu wa mwisho hajaondoka pembeni yake.

"Madereva wetu hawasimami." Baadhi, kweli. Ndiyo maana kuna ngao, mlinzi na mahali pa kukimbilia. Koni peke yake haijapata kumzuia mtu. Lakini wengi husimama wakionywa mapema. Dereva aliyemulikwa taa na mwenzake anayekuja hupunguza kwa hofu ya trafiki aliye mbele. Waombeni wanaopita kwenye eneo lenu wawamulike wenzao; ni onyo linalofika kilomita kadhaa bila gharama.

"Mkoa hautupi vifaa." Filimbi, tochi, matawi, na lori lililokubali kusimama kama ngao havihitaji bajeti. Kizibao kinauzwa kwa wanaouza vifaa vya bodaboda. Anzeni na hivyo, huku mkiendelea kudai vingine kwa maandishi.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuugeuzia mgongo upande yanakotoka magari, hasa wakati wa kuzungumza na ndugu au kujaza fomu.
- Fundi wa bredauni kufunga mnyororo upande wa barabara huku hakuna anayemlinda. Aonyeshwe nafasi yake kama wengine, na akabidhiwe mlinzi.
- Kusimama kati ya magari mawili yaliyoegeshwa. La nyuma likigongwa, miguu yako ndiyo inayobanwa.
- Kupiga picha kwa ajili ya kundi la kazini ukiwa katikati ya njia.
- Kumwachia askari mgeni ulinzi wa barabara kwa sababu "hajui kazi nyingine."
- Kulegea baada ya majeruhi kuondoka. Kelele zimekwisha, watu wamepungua, koni zinaanza kukusanywa ovyo, na magari yaliyokuwa yamezuiliwa yanatoka yakiwa na haraka ya kufidia muda.

## Kufunga kazi

Kuondoka kuna mpangilio wake pia:

1. Fagieni vioo, mwageni mchanga kwenye oili.
2. Vifaa na watu wapande magari kwanza, ngao ikiwa bado mahali pake.
3. Koni zikusanywe kuanzia za karibu na tukio, kurudi nyuma kuelekea alama ya mbali. Onyo la mbali ndilo la mwisho kuondolewa, pande zote mbili.
4. Toeni kila tawi lililowekwa na wanakijiji. Kama gari bovu linabaki usiku, liachwe na pembetatu za kuakisi na mtu wa kulilinda, si matawi yatakayokauka.
5. Mwongozaji wa kila upande achukuliwe na gari. Asirudi kwa miguu gizani.

Mkifika kituoni, kabla ya kuosha gari, jibuni maswali matatu: nani alikoswakoswa leo, gari lipi lilikuja karibu kuliko ilivyotakiwa, na alama ipi ilichelewa? Yaandikeni kwenye daftari moja. Zamu inayofuata iyasome.

Na zoezi lenyewe halihitaji semina. Chora barabara kwa chaki uwanjani, weka gari bovu katikati, pima muda tangu gari linaposimama hadi ngao, mlinzi na alama za pande zote mbili viwe mahali pake. Mara ya kwanza mtagongana na kubishana nani achukue koni. Rudieni mpaka kila mtu ajue kazi yake bila kuambiwa, kisha badilishaneni nafasi, ili muuguzi naye ajue kusimamisha lori. Zoezi la kwanza lifanyeni zamu ijayo, kabla ya chai.